Baba wa watoto anadaiwa matunzo ya miezi saba na sitaki afungwe. Nifanyeje?

Mama Wawili
Habari za jioni wakuu. Nisomeni hadi mwisho kabla hamjajibu.

Nipo Mkonze, Dodoma, na wanangu wawili, wa miaka tisa na mitano. Mwaka juzi mahakama ilimwamuru baba yao atoe laki na ishirini kila mwezi. Wakati ule alikuwa anapiga lipu, kazi za ujenzi kule Mtumba zilikuwa hazikatiki, na alilipa bila kusumbua. Mwaka huu kazi zimekauka. Miezi saba sijaona hela, deni ni laki nane na arobaini. Alicholeta ni gunia moja la mahindi.

Kaka zangu wanasema nikakazie hukumu, akilala ndani atatia akili. Mimi nawaza, akiwa ndani sare za Januari nani atanunua? Lakini nikinyamaza, wanaolala na uji ni wanangu. Kuna njia ya katikati?

Binti Kondoa
Pole dada. Ingekuwa mimi, ningeshamfunga. Mwanaume akishajua unamwonea huruma, umekwisha.

Karani Mstaafu
Mwanangu, nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, naomba nikueleze taratibu.

Kwanza jua hili: kwenye kesi ya madai, anayeomba mdaiwa afungwe ndiye anayelipia posho ya chakula chake akiwa gerezani. Nimewaona akina mama wakija na madai ya matunzo, wakiambiwa hivyo wanakaa chini kwenye benchi na kulia. Na akitoka, deni liko palepale. Halafu hakimu kabla ya kumfunga mtu atataka kujua kama hana kweli au anaficha. Asiye nacho kwa umaskini anaweza kuachwa, anayeficha mali hana utetezi. Kwa hiyo swali la kwanza lijibu wewe: huyu hana, au hataki?

Mama Wawili
Shikamoo baba. Hana kazi, hilo nimeliona kwa macho yangu. Ila ana ekari moja ya zabibu Mpunguzi aliyoachiwa na baba yake.

Mpita Njia
Si apewe huduma kwa jamii, afagie barabara?

Karani Mstaafu
Marahaba mwanangu.

Mpita Njia, hiyo ipo chini ya sheria ya mwaka 2002, ila ni kwa aliyetiwa hatiani kwa kosa na kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Hili ni deni la matunzo. Na kufagia barabara hakuleti unga.

Mkulima wa Hombolo
Dada, hapo kwenye zabibu ndipo penye jibu lako. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Katikati ya misimu mkulima hana kitu mfukoni, hata umkamue vipi. Ukimdai kila mwezi kama mwenye mshahara, atakukwepa mpaka uchoke. Mdai mavuno! Akishauza, wewe uwe wa kwanza kulipwa, kabla hajalipa dawa na vibarua. Mimi mwenyewe nasomesha watoto wa ndoa yangu ya kwanza kwa mtindo huo, mwaka wa nne sasa, na hatujarudi mahakamani.

Mgogo Ughaibuni
Nipo Georgia, Marekani. Huku kuna mahakama maalumu kwa wazazi wenye madeni ya matunzo. Badala ya jela, mzazi anasaidiwa kutafuta kazi, mlevi anapelekwa kwenye tiba, na hakimu anamwita mara kwa mara kuona amefikia wapi. Nimemwona jirani yangu akipita humo. Sasa anaendesha lori na mtoto wake anapata haki yake.

Mama Wawili
Asanteni. Baba Karani, hilo la mavuno mahakama inalikubali, au tukubaliane tu nyumbani?

Karani Mstaafu
Msikubaliane kwa mdomo! Amri ya laki na ishirini itabaki hai, na siku mkigombana kila mmoja atakuwa na hadithi yake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa jiji, mwambie amwite. Andikeni: kiasi kidogo kila mwezi anachokiweza kwa vibarua, sehemu ya malimbikizo kila mavuno, na tarehe. Kisha pelekeni maandishi hayo mahakamani mkaombe amri ibadilishwe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, pamoja na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo nawe beba hesabu zako: kodi, chakula, daftari. Siku akipata ajira, mnarudi, na mahakama inaweza kuagiza akatwe kwenye mshahara. Kama huna wakili, uliza ofisi ya ustawi kuhusu wasaidizi wa kisheria, sheria ya 2017 inawatambua na hawakutozi.

Binti Kondoa
Nimesoma yote. Nilikuwa sijui habari ya kumlipia chakula. Ila dada, akivuna akakuruka?

Karani Mstaafu
Hapo atakuwa alikuwa nacho akaficha. Ndipo ombi la kumfunga linapokuwa na nguvu.

Mama Wawili
Nimempigia sasa hivi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi. Tumepanga Jumatatu saa mbili. Kaka zangu bado sijawaambia.