Toronto: hela ya bustani ikanunue ardhi mjini au ikafungue vyoo Scarborough?

Mleta mada:
Wakuu salaam, hasa mlioko Toronto hapa Kanada maana hili mnaliishi. Kila bajeti ikikaribia ubishi ni uleule, bustani za umma zigawanywe vipi. Jiji lina bustani zaidi ya 1,500, na ukiongeza yale makorongo yenye miti yanayopita nyuma ya nyumba za watu unaweza kusema tumejaliwa. Ila wa katikati ya mji wanalia hawana pa kukanyaga majani, makondo, yale maghorofa ya makazi, yameota kama uyoga, na kweli nikipita kule nakuta watu na mbwa wamebanana kwenye kijibustani saizi ya sebule. Hoja yao ni kwamba mjenzi wa ghorofa anayelipa hela badala ya kutoa kiwanja cha bustani (sheria ya jimbo letu la Ontario inaruhusu), hiyo hela ikanunue ardhi palepale anapojenga.

Mimi napinga. Nakaa Scarborough, pembeni mashariki mwa jiji, majani tunayo mpaka yamebaki, upande wa mashariki tuna Rouge, hifadhi ya taifa kabisa ndani ya mji. Lakini ingia bustani ya mtaani, unakuta nyasi, bembea mbili na bango la masharti. Choo hamna, au kipo kina kufuli. Juni iliyopita tulikutana familia nne kwenye moja ya huku kwetu, jina silitaji, mishkaki imelala kwenye viungo tangu usiku, watoto kumi na moja, hata saa haijaisha mtoto wa shemeji yangu anabana miguu, choo kimefungwa, ikabidi nimpakie kwenye gari mpaka kwenye duka la kahawa na bado nikanunua donati ndo nikapewa ufunguo. Anayekaa mkabala na bustani anavuka barabara anaingia kwake anarudi. Bustani isiyo na choo ni ya majirani, hata uiandike ya umma kwa herufi kubwa. Bei ya kiwanja kimoja mjini ingefungua vyoo na kuweka vibanda vya kivuli mitaa mingapi? Nipingeni.

Wa ghorofa ya 31:
Mkuu kwenye choo niko na wewe, kwingine hapana. Choo unaweza kujenga hata mwakani, ardhi ukiiacha leo kesho ina mnara juu yake. Umesahau Rail Deck Park? 2016 wakatutangazia wataezeka juu ya reli tupate ekari 21 za bustani katikati ya mji, tukashangilia, kumbe hewa ya juu ya reli nayo ina mwenyewe! 2021 mwenye hewa yake akashinda kwenye baraza la rufaa, mpaka leo tunatazama treni. Halafu 2022 ikaja sheria ya Bill 23, serikali ya jimbo ikakata nusu kile kiwango anachodaiwa mjenzi wa maghorofa kwa ajili ya bustani. Yaani hela yenyewe imepungua na wewe unataka tuigawe. Mimi nina mtoto wa miaka 3, choo ninacho, majani ndo sina.

Mama wa Thorncliffe:
Kina kaka mnagombania hela, mimi nauliza nani anaruhusiwa kukaa humo. Mkizidi watu 25 mnatakiwa kibali cha pikniki, na kibali kinalipiwa. Jamani sherehe yetu ipi ina watu 25? Hao ni mashangazi tu, bado hatujahesabu watoto.

Hapa Thorncliffe Park tuna bustani inaitwa R.V. Burgess, imezungukwa na minara, zamani ilikuwa imechoka kweli. Kina mama wa hapa, wengi wametokea Pakistan, India na Afghanistan, wakaishikia bango, wakaanzisha soko, na 2013 wakapata tanuri la tandoor katikati ya bustani, mnaoka mkate watoto wanacheza. Makaratasi waliyozungushwa nayo ni hadithi nyingine. Hawakuongezewa hata mita moja ya ardhi, na watu waliokuwa wanakatisha tu sasa wanakaa. Kwa hiyo mleta mada nakuunga mkono, ila usiishie chooni, kibali nacho ni kufuli.

Mleta mada:
Mama umenena, hilo la kibali sikulifikiria kabisa na ndo linatufukuza kuliko hata choo, maana sisi siku ile tulikuwa tunajihesabu kimoyomoyo kila gari likiingia.

Wa ghorofa ya 31, hapo kwenye reli umenibana, nakubali mnahitaji ardhi. Lakini hicho choo cha mwakani nimekisikia tangu kijana wangu yuko chekechea, sasa hivi ana ndevu.

Wa ghorofa ya 31:
😂😂 Basi leteni mishkaki huku kwetu Jumamosi, choo changu hakina kufuli. Ila msizidi 25.