Meneja mkuu atoke au abaki? Tujadili bila kuangalia msimamo wa ligi peke yake

Mleta mada:

Wadau wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, timu ikipoteza mechi sita mfululizo huwa naangalia saa tu nione nani atawahi kuandika "meneja mkuu aondoke". Zamani kichwa kilichokuwa kinatakiwa ni cha kocha. Siku hizi mashabiki wameerevuka, wanajua kocha anacheza na kikosi alichokabidhiwa, na aliyekikusanya ni mwingine, yule mwenye suti na simu sikioni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kuupiga apige. Kufungwa peke yake hakutoshi kumtoa mtu. Naangalia alifikiaje maamuzi yake, halafu naangalia kama mmiliki bado anamwamini kumwachia ile simu.

Chukueni Dallas. Mwanzoni mwa Februari 2025 Mavericks, chini ya Nico Harrison, walimpeleka Luka Dončić kwa Lakers. Walichopata cha maana ni Anthony Davis, Max Christie na chaguo moja la raundi ya kwanza la drafti ya 2029 (drafti ni zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu). Luka alikuwa na miaka 25, na miezi minane tu nyuma alikuwa ameifikisha timu fainali. Davis akaumia katika mechi yake ya kwanza na jezi ya Dallas. Machi, Kyrie Irving akachanika kano ya goti. Uwanja ukageuka kwaya ya kutaka Harrison afukuzwe, na akafukuzwa kweli tarehe 11 Novemba 2025, timu ikiwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 8.

Wengi wanasema majeraha ndiyo yaliyomponza. Mimi majeraha nayaweka pembeni kabisa. Kinachonikera ni kwamba jina la Luka halikuzungushwa. Mchezaji ambaye karibu kila timu ingemwaga hazina yake kumpata, mazungumzo yakafanyika kimyakimya na timu moja. Hata Davis angecheza mechi zote 82, hapo palikuwa pabovu tangu siku ya kwanza. Na wale mnaosema "lakini wamempata Cooper Flagg", jamani, ile bahati nasibu ya kupata chaguo la kwanza la drafti ya 2025, lililomleta chipukizi huyo, waliishinda wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8. Huyo Flagg aliletwa na mipira ya bahati nasibu, Harrison hana sifa hapo.

Linganisheni na Masai Ujiri, Mnigeria aliyekulia Zaria. Mwaka 2018 pale Toronto alimfukuza Dwane Casey, ambaye wiki chache baadaye alitangazwa kocha bora wa msimu. Halafu akamtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki, ili ampate Kawhi Leonard aliyekuwa ametoka kucheza mechi 9 tu msimu mzima na anayeweza kuondoka baada ya mwaka mmoja. Watu walilia. Kwa nje ni kosa lilelile la Dallas, kumuuza mwana wa nyumbani. Ila Toronto walikuwa wameshafungwa 4-0 na Cleveland ya LeBron miaka miwili mfululizo, kwa hiyo ukuta ulionekana kwa macho. Juni 2019 kombe likaja, na mwezi uliofuata Kawhi akaondoka kweli. Bado hesabu ilikuwa halali. (Kwa usahihi, cheo cha Ujiri wakati huo kilikuwa rais wa timu na meneja mkuu alikuwa Bobby Webster. Ndiyo maana kila mkisema "meneja mkuu" mimi huuliza kwanza nani hasa anaamua.)

Sasa lile la simu, ambalo ndilo limenifanya niandike. Mnakumbuka Brooklyn 2013? Billy King, meneja mkuu wa pale, aliwachukua Kevin Garnett akiwa na miaka 37 na Paul Pierce akiwa na 35, akawapa Boston machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana nafasi za kuchagua mwaka 2017. King aliondolewa kwenye kiti Januari 2016. Miezi mitano baadaye Boston wakalitumia chaguo la Brooklyn kumchukua Jaylen Brown. La 2017 likawa la kwanza kabisa, Boston wakalichukua kwa haki ile ya kubadilishana. Wakaliuza, wakashuka hadi la tatu na kumchukua Jayson Tatum. Hao wawili ndio waliowapa Boston ubingwa wa 2024. Mtu alishaondoka, deni likaendelea kulipwa na aliyemfuata.

Kanuni zinaruhusu timu kuuza machaguo hadi miaka saba mbele, mradi isibaki bila raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Yaani meneja ambaye mkataba wake unaisha kesho anaweza kuuza haki ya kumchagua mtoto ambaye leo yuko shule ya msingi. Akishanusa kwamba anafukuzwa, ana kila sababu ya kufanya hivyo, maana ushindi wa leo ni wake na deni la kesho ni la mwenzake. Kwa hiyo kama mmiliki ameshapoteza imani, amtoe kabla ya siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji Februari, au kabla ya drafti ya Juni. Ile "tumpe hadi mwisho wa msimu tuone" ndiyo inayonitisha kuliko kumfukuza na kuliko kumbakiza.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeandika vizuri ila umemruka mtu anayevuruga mada yako. Sam Presti, meneja mkuu wa Oklahoma City. Ameshika kiti tangu 2007, timu ikiwa bado Seattle. Kawachagua Durant, Westbrook na Harden mfululizo. Oktoba 2012 akamuuza Harden, watu wakasema hafai. 2016 Durant akaondoka bila timu kupata kitu, wakasema tena. Halafu ikaja misimu ya ushindi 22 na 24, na usiku ule wa Desemba 2021 walipofungwa na Memphis 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73! Hakuna timu ya NBA iliyowahi kufungwa kwa tofauti kubwa hivyo. Juni 2025 Oklahoma City wakawa mabingwa. Ninyi hapa mngeshamfukuza mara tatu.

Mchangiaji wa pili:

Presti ni mmoja. Kwa kila Presti kuna mameneja kibao waliojificha nyuma ya neno "mchakato", yaani tufungwe leo tujenge ya kesho, hadi mkataba ukaisha. Shabiki wa Philadelphia aliyelipa kiingilio kutazama msimu wa 2015/16, ushindi 10 na vipigo 72, yeye mlimwambia nini?

Mchangiaji wa tatu:

Naomba nimjibu hapohapo kwa Philadelphia, maana mfano huo unamgeuka. Sam Hinkie, meneja mkuu wa huko, alijiuzulu Aprili 2016 baada ya kuletewa watu wa juu yake. Wakati huo Joel Embiid, aliyemchagua 2014, alikuwa hajacheza hata mechi moja kwa sababu ya mguu. Akaingia Bryan Colangelo. 2017 akawapa Boston chaguo la tatu na jingine la raundi ya kwanza ili apande hadi la kwanza, akamchukua Markelle Fultz. Aliyebaki pale pa tatu ni huyohuyo Tatum aliyemtaja mleta mada. Colangelo naye akaondoka Juni 2018 kwa kashfa ya akaunti za siri za Twitter. Walibadilisha meneja, wakapata nini?

Mnapenda kumjadili meneja kwa sababu mmiliki hafukuziki. Biashara ya Luka haikupita bila baraka za Patrick Dumont aliye juu ya timu. Nico yuko nje. Dumont yupo, na ndiye anayemwajiri anayefuata.

Mleta mada:

Mchangiaji wa tatu, hapo umenibana na sibishi. Mtu akiuliza "atoke?" aulizwe naye "atachaguliwa na nani mwingine?" Niliruka.

Wa kwanza, Presti hanivurugii, ananisaidia. Mwaka 2019 alipomtoa Paul George kwa Clippers alipokea Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana. Jalen Williams alitokana na mojawapo ya hayo machaguo. Usiku wa zile pointi 73, aliyekuwa anasoma daftari la machaguo badala ya ubao wa matokeo aliona timu tajiri. Hiyo ndiyo tofauti na waliojificha nyuma ya mchakato: kwao hata daftari ni tupu.

Sasa nijipige mwenyewe kabla hamjanipiga, maana Ujiri nimempamba sana. Februari 2023, Toronto ikiwa si ya juu wala ya chini, alitoa chaguo la raundi ya kwanza la 2024 ili ampate Jakob Poeltl. Miezi michache baadaye Fred VanVleet akaenda Houston bila timu kupata kitu. Chaguo lile likaangukia namba 8, na Toronto wenyewe wakamaliza na ushindi 25. Juni 2025 wakaachana naye. Mimi nimemtazama kwa kipimo changu hichohicho na nimeona Toronto walikuwa sahihi, ingawa moyo unauma. Anayeona walikosea alete sababu, ila picha ya kombe la 2019 tumeshaiona.