Jina Magreth lina maana gani, na je limepitwa na wakati?

MamaK_Nyegezi
Habari zenu wapendwa. Natarajia kujifungua mwezi wa saba hapa Mwanza, mtoto ni wa kike, na mama mkwe kaomba tumpe jina la marehemu mama yake, Magreth. Mume wangu anasema hilo ni la wazee anataka ya siku hizi, mi nalipenda ila nataka nijue kwanza maana yake na lilikotoka, maana mtoto ndo atalibeba maisha yake yote. Na linaandikwaje, Magreth au Margaret?

Mwl_Sengerema
Hongera sana mama. Asili yake ni Kigiriki, margarites, yaani lulu, likapita kwenye Kilatini Margarita halafu kila taifa likalichukua kivyake, Waingereza Margaret, Wafaransa Marguerite, Wajerumani Margarete na ndo huko Greta ametokea. Hata Rita limetoka humo humo, yule Mtakatifu Rita wa Cascia alibatizwa Margherita. Na umesema mwezi wa saba, basi sikukuu ya Mtakatifu Margareta wa Antiokia ni tarehe 20 Julai, na tangu zamani wajawazito walikuwa wanamwomba awaombee wajifungue salama. Mi ningekuwa wewe nisingehangaika kutafuta lingine.

Kabula_Ilemela
Kama baba mtoto anataka fupi la kisasa si mumwite Lulu hapo nyumbani, maana ni ile ile, sema Lulu tumelipata kwa Waarabu. Na hilo la "jina la wazee" mi silikubali kabisa, Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa kwenye kumi bora za majina ya wasichana, majina yanapanda yanashuka. Mi Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua inanyesha, shangazi yake baba naye alikuwa Kabula, na nalipenda hivyo hivyo.

Baba_Ukerewe
Yote sawa, Magreth ndo wengi tunavyoandika huku. Ila chagueni moja mlishikilie kuanzia kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, ubatizo mpaka shule, maana herufi moja ikitofautiana mtoto akifika fomu foo ndo mnaanza kutafuta wakili wa kuapa.

MamaK_Nyegezi
Wabeja sana jamani! Hiyo ya Rita sikuijua, na mama yangu mzazi ndo anaitwa Rita. Leo jioni namwambia baba K.