Kware wananichanika ngozi nikiwanyonyoa, nisaidieni

Mama Kware, Mikindani
Habari za jioni wadau. Nafuga kware kwa ajili ya mayai, lakini madume wamezidi bandani, wanadonoana vichwa hadi damu. Jumapili nikachinja 12, wote wa wiki 7. Nilifanya kama kuku: maji yakitokota, natumbukiza. Ngozi ikatoka na manyoya yake, kifua kikabaki cheupe kama kimeshaiva. Nikawaunga nazi jioni ileile, nyama ngumu, mama mkwe akamrudisha wake sahanini. Nakosea wapi? Kuna mwenye mgahawa kaniagiza 20 wa Jumamosi, sitaki nimpelekee kitu kama kile.

Mfugaji wa Ng'apa
Pole dada. Maji ndiyo yaliyokuponza, ngozi ya kware ni kama karatasi. Changanya nusu kwa nusu, sufuria ya maji yaliyochemka na sufuria ya maji ya bomba. Kwa maji ya huku kwetu utapata kama nyuzi 60. Mshike miguu, mzamishe hadi maji yapenye chini ya manyoya, hesabu mpaka 20, kisha jaribu unyoya wa bawa. Ukitoka bila kushindana nawe, mtoe. Kifua kiache mwisho, bana ngozi kwa kidole gumba na uvute kuelekea manyoya yalikolala, machache machache. Maji yakipoa ongeza ya moto kabla ya kumwingiza mwingine.

Mtanda80
Mimi nawachuna kabisa, napasua ngozi mgongoni naivua kama shati. Wa supu wanafaa. Wa kuchoma hapana, anakauka jikoni.

Bibi wa Newala
Mwanangu, ule ugumu ni kwa sababu uliwapika wakiwa wamekakamaa. Ndege akishachinjwa hukakamaa, halafu hulegea. Ukishawasafisha watie kwenye maji ya barafu, kisha walale kwenye friji usiku kucha, ndipo upike au ugandishe. Chakula waondolee tangu usiku wa kuamkia kuchinja, maji waachie, ili gole na utumbo viwe vitupu. Na nyongo usiibinye, ni ndogo mno, inapasuka kabla hujaiona.

Mama Kware, Mikindani
Asante sana bibi, shikamoo. Jirani anasema nikate kichwa kwa mkasi, ni haraka. Wateja wangu wengi ni Waislamu.

Mfugaji wa Ng'apa
Mkasi hapana, dada. Kisu kidogo kikali, Bismillahi, ukate koo na mishipa ya shingo, kichwa kibaki. Mabawa yafumbate kiganjani asipapatike. Na asiguse maji ya moto mpaka atulie kabisa, ukimtumbukiza akiwa hai umemtesa na umemharibu.

Mama Kware, Mikindani
Leo nimejaribu watatu kwa nusu kwa nusu. Wawili wametoka na ngozi nzima, mmoja kachanika kidogo kwapani, nadhani nilivuta mengi kwa pamoja. Wako kwenye friji, kesho mchana nawachoma. Wale 20 nawachinja Ijumaa alfajiri.