Naomba ushauri: miyaa ya kusukia mikeka inashika ukungu, na mbuzi wanaimaliza

Assalaam aleikum ndugu zangu. Sisi tuko Mwakirunge, huku juu Kisauni, Mombasa. Mama mkwe wangu husuka ukili, ile mikanda ya miyaa, na kuushona mikeka ya kuuza, na wateja anao. Shida ni masika haya. Ukindu, yaani hayo majani ya miyaa, tunauanika, jua likitoka kidogo mvua hiyo, tunaukusanya mbio na kuuingiza ndani. Ukikaa siku chache tu unatoa madoadoa meusi na harufu ya uvundo. Miyaa ikiwa hivyo hata rangi haishiki sawasawa: ile nyekundu hutoka na mabaka, na mkeka ukipigwa na maji, inachuja yote kwenye ile nyeupe. Mama huchemsha rangi na chumvi, kama alivyofundishwa na nyanya yake.

Jirani anasema tutundike miyaa juu ya meko ipate moshi. Mimi naogopa itageuka manjano, na mteja wa mkeka wa harusi hataki mchezo.

Halafu kuna mbuzi. Tukianika chini wanatafuna, tukiweka juu ya banda wanapanda. Wameshamaliza mchicha wangu, sasa wamehamia kwenye mtaji wa mama! Kuwafunga kutwa nzima siwezi, wana watoto wachanga.

Wajuzi wa Lamu, Pate na kwengineko, nyinyi masika mwahifadhi vipi ukindu? Na rangi, mwaongeza nini isichuje? Siki yafaa, ama itaharibu? Mama ana oda ya mikeka miwili na bibi harusi keshaanza kuulizia.