Kubadilisha sanduku la fyuzi la nyumba ya zamani Tudor, Mombasa: mbona bei zinapishana hivi?

Mwana wa Tudor

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, kwani jambo hili limeninyima usingizi kwa wiki mbili.

Nyumba yetu marehemu baba aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sanduku la umeme lililo nyuma ya mlango wa ukumbini ni lile lile alilolitia yeye: swichi kuu ya ampea 60 na fyuzi nne za kuchomoa kwa mkono. Wakati huo palikuwa na taa, friji, pasi na mapangaboi matatu. Leo kuna viyoyozi viwili, pampu ya kupandisha maji tangini, birika la umeme, na hita ya kuogea ambayo siwezi kuiondoa, kwa kuwa mama ana baridi yabisi na maji baridi yanamuumiza.

Tangu joto la kaskazi lilipoanza, fyuzi ya vyumba vya kulala ilikuwa ikikatika karibu kila usiku. Kisha ikaacha, nami nikashukuru. Ijumaa iliyopita nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipozima swichi kuu na kuichomoa ile fyuzi, nilikuta kishikio chake cha kaure kimepiga weusi, na mahali pa uzi wa fyuzi pamefungwa nyuzi tatu za shaba zilizochunwa kwenye kipande cha waya wa kawaida. Mpwa wangu alikiri kwamba ni yeye aliyezifunga, ili tulale bila kusumbuliwa.

Nimewaita mafundi watatu. Wa kwanza alitazama sanduku kwa nje akataka shilingi 19,500. Wa pili alikaa saa mbili, akafungua soketi na swichi, akaandika 47,000. Wa tatu alisema lazima tuhamie umeme wa fezi tatu, yaani unaoletwa kwa waya tatu zenye moto badala ya mmoja, akataja 92,000 kabla ya ada za kuunganishwa upya. Je, yupi anasema kweli?

Fundi wa Kisauni

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kwanza, zile nyuzi za shaba ziondoe leo hii, na usiwashe upande ule mpaka zirudishwe nyuzi zinazostahili. Fyuzi ilipokuwa ikikatika ilikuwa ikifanya kazi yake. Ilipoacha kukatika, kazi ya kuungua ilihamia kwenye waya ulio ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna atakayeuona.

Tuanze na huyo wa fezi tatu. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240, kwa hivyo swichi ya ampea 60 inabeba wati 14,400. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala huvuta takriban ampea 5, vyako viwili ni 10. Hita ya kuogea ya wati 5,500 huvuta 23. Birika la wati 2,000 ni 8, pasi ni 5, pampu ndogo ni kama 5, na friji pamoja na taa tuseme 3. Hata mkiwasha vyote kwa dakika moja, jambo ambalo ni nadra, mnafika ampea 54. Fezi moja inawatosha. Shida yenu ni kwamba mzigo wote huo umegawanywa kwenye njia nne tu, na viyoyozi viwili vimepachikwa kwenye soketi ambazo zilikusudiwa redio na taa ya mezani.

Bei ya 19,500 nayo inawezekana, lakini uliza inanunua nini. Inanunua sanduku jipya na breka, zile swichi zinazojikata zenyewe mzigo ukizidi, halafu waya zile zile za zamani zinarudishwa ndani yake. Hatari yake ni moja, nami nimeikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda: fundi anaona breka ya ampea 20 inakatika, anatia ya 32 juu ya waya wa milimita 2.5 ambao haukuwekwa kubeba mzigo huo, na mwenye nyumba anafurahi. Hilo ni sawa kabisa na alilolifanya mpwa wako, ila limevaa nguo mpya. Breka huchaguliwa kulingana na waya, na waya huchaguliwa kulingana na mzigo.

Kazi kama yenu niliifanya mwezi uliopita Bamburi, na hesabu yake ilikuwa hivi: sanduku la njia kumi lenye swichi kuu na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho mafundi tunakiita RCD, 9,800, breka nane kwa 650 kila moja, 5,200, nondo ya athi, ile inayozikwa ardhini ili umeme unaovuja upitie huko, kibanio chake na waya wake, 4,500, waya wa milimita 16 kutoka kwenye mita hadi sandukuni, 2,400, vikorokoro, 1,600. Jumla ni 23,500. Ujira wangu na wa msaidizi kwa siku moja na nusu, pamoja na kupima, ulikuwa 14,000. Ni 37,500 kabla ya kuvuta waya wowote mpya. Huyo wako wa 47,000 bila shaka amehesabu waya wa milimita 6 kwa ajili ya hita na njia ya pekee kwa kila kiyoyozi. Mwombe akuandikie hivyo, kitu kimoja kimoja. Mwombe pia akuoneshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati, na muhuri wa mita usiguswe na mtu yeyote isipokuwa wafanyakazi wa Kenya Power.

Bi Likoni

Nami niseme lililonipata, kwa sababu nilichagua bei nafuu. Fundi aliweka sanduku zuri lenye RCD, na kila mvua ya masika iliponyesha nyumba nzima ilizimika. Nilipolalamika alirudi, akafanya kazi kwa dakika kumi, na umeme haukuzimika tena. Miezi mitano baadaye fundi mwingine alifungua, akanionesha kwamba RCD ilikuwa imerukwa: waya zilipita kando yake, nayo imekaa pale kama pambo. Chanzo halisi kilikuwa taa ya ukuta wa nje iliyokuwa ikiingia maji. Kuirekebisha kulinigharimu 1,200. Kwa miezi mitano watoto wangu walikuwa wakigusa ukuta ule.

Ndugu, kazi ikiisha bonyeza mwenyewe kile kitufe cha kujaribia RCD, mbele ya fundi, kabla hujamlipa. Umeme usipokatika, usitoe pesa.

Mpangaji wa Kongowea

Samahani kwa kuingilia. Je, waya zinazouzwa rahisi madukani zinafaa kwa kazi hii?

Fundi wa Kisauni

Kwangua ncha yake kwa kisu, ndugu. Ikitoa weupe ndani ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, inapata moto mapema na ncha zake hulegea. Tazama pia alama ya KEBS, shirika la viwango, na ukubwa uliochapwa kwenye ganda. Kwetu pwani kuna na chumvi ya hewani, kwa hivyo kila ncha ikazwe barabara na ikaguliwe tena baada ya mwaka, hata kama waya ni shaba tupu.

Dada wa Likoni amesema kweli tupu. RCD inayokatika mvua inaponyesha inakueleza kwamba kuna mahali umeme unavuja, na fundi anayeinyamazisha badala ya kupatafuta mahali hapo hafai kurudi nyumbani kwako.

Mwana wa Tudor

Nimerudi kuwapa habari, na kuwashukuru kwa dhati. Nilimchukua yule wa pili. Alipofungua sanduku la zamani, ncha za nyutro, waya wa kurudisha umeme, zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, na ganda la waya mmoja lilimeguka vidoleni mwake kama biskuti kavu. Waya wa athi, ambao baba aliutegemea miaka yote hiyo, ulitoka nje ya ukuta ukakatikia mchangani: nondo yake ilikuwa imelika kutu na kwisha.

Nondo mpya iligonga jiwe la matumbawe kabla ya kufika hata nusu mita. Walijaribu mahali patatu, hatimaye ikazama yote karibu na kisima, kwenye udongo wenye unyevu, na waya ukabidi urefushwe. Kwa hilo gharama ilipanda hadi 51,500. Nililipa bila kinyongo, kwa kuwa nilikuwapo nikaona kila shilingi ilipokwenda. Alipima kila njia kwa kifaa cha volti 500, kuona kama waya zinavuja, na kuniandikia matokeo kwenye karatasi, ambayo nimeibandika ndani ya mlango wa sanduku pamoja na majina ya breka zote tisa. Kitufe cha RCD nilikibonyeza mwenyewe, mama akiwa ameketi ukumbini, na nyumba ikazimika papo hapo.

Mpwa wangu ndiye aliyeandika yale majina.