Hita za viwandani: muda wa mzunguko wa PID uwe sekunde ngapi?

Kihisi_K:
Wakuu, nina mitambo miwili, yote PID (kidhibiti joto cha kielektroniki) inawasha na kuzima hita kwa asilimia ya muda wa kila mzunguko. Wa kwanza ni tangi la maji lita 100, hita ya 12 kW ya fezi tatu, swichi ni kontakta (swichi ya sumaku-umeme). Wa pili ni bomba la hewa moto, hita ya 6 kW ya waya wazi wa nikromu, inatumia SSR (swichi ya kielektroniki isiyo na sehemu zinazosogea). Yote imewekwa mzunguko wa sekunde 20. Joto la tangi limetulia ila kontakta inagonga kutwa. Hewa nayo inapanda na kushuka tu. Mnachagua kwa kigezo gani?

Nusu_wimbi:
Swichi inaweka kikomo cha chini, mtambo unaweka cha juu. Sekunde 20 ni kuwasha mara 4,320 kwa siku, kwa hiyo kontakta ya mara milioni moja inaisha kwa siku 231 hivi. Ukiweka 60, zinakuwa 694.

Tangi litavumilia? Piga hesabu kwenye 50%, yaani hita ikiwaka nusu ya mzunguko, ndipo mtikiso ni mkubwa kuliko kote: 12 × 0.5 × 0.5 × 60 = kJ 180. Lita 100 za maji zinataka takriban kJ 419 kwa kila nyuzi 1, kwa hiyo joto litacheza kama nyuzi 0.4 kutoka juu hadi chini, mradi maji yanakorogwa. Kama zinakubalika, weka 60 kisha rekebisha PID upya, maana mzunguko mrefu unaongeza ucheleweshaji wa karibu nusu ya muda wake.

Fundi_Koili:
Hiyo ya hewa, 20 ni nyingi mno. Waya wazi hauna uzito wa kuhifadhi joto: unapoa na kuwaka upya kila mzunguko, unatanuka na kusinyaa, ngozi yake ya oksaidi inabanduka, mwishowe unakatika. Weka sekunde 1. Kwenye 50 Hz nusu-wimbi ya umeme ni milisekunde 10, basi sekunde 1 ina nusu-wimbi 100 za kuwasha au kuzima, yaani nguvu inabadilika kwa hatua za 1%. Ukishuka hadi 0.2 zinabaki 20, hatua za 5%, na udhibiti unakuwa wa kurukaruka. Taa za laini hiyo zikianza kumeta, jaribu 2.

Na usiamini kihisi chenye ala (ganda) nene; kitakuonyesha hewa imetulia wakati bado inayumba.

Kihisi_K:
Nikiweka SSR kwenye tangi pia?

Nusu_wimbi:
Sawa, sekunde 2 zinatosha. Kwa 400 V kila fezi inabeba 17 A hivi; SSR ikipoteza takriban 1.2 V, ni kama 20 W kwa kila moja, kwa hiyo kipoza joto cha alumini ni lazima. Kontakta usiitoe. SSR ikifa mara nyingi inabaki imewaka, hivyo iache kontakta kwenye mfululizo, ikatwe na thamosteti ya usalama yenye kihisi chake yenyewe.

Fundi_Koili:
Nyongeza: haya ni kwa hita zilizounganishwa moja kwa moja. Kama kuna transfoma katikati, SSR ya kawaida ya kuwasha kwenye sifuri (volti zinapopita sifuri) inaweza kuvuta mkondo mkubwa kila inapowasha na kuchoma fyuzi.